Mkakati wa maudhui ya mitandao ya kijamii kwa mwanzilishi wa biashara, hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale, na huja karibu kwa mpangilio ule ule. Niposti mara ngapi kwa wiki? Mtandao upi una wateja? Nitumie akaunti yangu binafsi au ya kampuni? Halafu, mazungumzo yakishakolea, linatoka lile lililokuwa limekaa rohoni tangu mwanzo: mimi sina cha kuposti, nifanyeje? Mwongozo huu unayajibu yote, ila uzito mkubwa umewekwa kwenye hilo la mwisho, kwa sababu ukishalipatia jibu mengine yanakuwa mepesi.

Niseme mapema ninapoegemea. Mwanzilishi wa biashara hahitaji kubuni mada. Anazo tayari kwenye inboksi yake: ni yale ambayo watu humuuliza kabla ya kutoa pesa, na yale wanayomuuliza baada ya kutoa. Mkakati ni kazi ya kuyakusanya maswali hayo, kuyajibu hadharani kwa mpangilio, na kufuatilia ni majibu gani yanayoleta wateja.

Andaa haya kabla ya kuanza

Usiruke sehemu hii. Wengi huanza kwa kuchora nembo na kuchagua rangi, kisha wiki ya tatu wanakwama kwa sababu ya jambo ambalo lilikuwa la nusu saa tu.

- Sentensi moja inayosema unamuuzia nani na unamwondolea shida gani. Kama ndani yake kuna maneno "kila mtu", bado haijakamilika.
- Mazungumzo yako na wateja ya miezi mitatu iliyopita: barua pepe, jumbe za WhatsApp, maelezo uliyoandika baada ya simu au vikao. Kama biashara ni mpya na wateja bado hawapo, zungumza na watu kumi wanaofanana na mteja unayemtaka, uandike maswali yao kwa maneno yao.
- Simu yenye kamera inayoridhisha na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo. Ukilazimika kugharimia kimoja, gharimia sauti. Mtu huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini sauti inayokwaruza humfanya apite.
- Saa tatu au nne kwa wiki, ziwekwe kwenye kalenda kama kikao na mteja, zisiguswe.
- Orodha ya akaunti zote za biashara: kila moja ilifunguliwa kwa barua pepe ipi, namba ipi ya simu, na nani ana nywila.
- Mahali pako mwenyewe nje ya mitandao: tovuti hata ya ukurasa mmoja, pamoja na orodha ya barua pepe au namba za watu waliokubali uwasiliane nao.

Hayo mawili ya mwisho nayasisitiza. Ni kawaida kukuta ukurasa wa kampuni ulifunguliwa kwa barua pepe binafsi ya mfanyakazi aliyeondoka zamani na hapatikani tena. Hamishia umiliki kwenye barua pepe ya kampuni, washa uthibitishaji wa hatua mbili (akaunti idai msimbo wa pili mbali na nywila), na ile misimbo ya dharura unayopewa ihifadhi mahali tofauti na simu hiyo hiyo. Fanya hivyo sasa, wafuasi wakiwa bado wachache. Kurudisha akaunti iliyoibwa ni kazi ndefu na haina uhakika.

Na kuhusu mahali pako mwenyewe: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, na aliyekuwa akiuza kupitia humo tu hakuwa na njia ya kuwaambia wateja wake lolote. Vine, mtandao wa video fupi, ilifungwa mwaka 2017. Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ikafungwa kwa watumiaji wa kawaida mwaka 2019. Wafuasi waliojengwa humo hawakuhamishika kwenda popote. Kutana na watu kwenye mtandao, lakini mawasiliano yao yaweke kwako.

Hatua ya 1: Weka lengo moja la miezi mitatu

"Kujulikana" si lengo, maana huwezi kujua siku ulipolifikia. Andika kitu kinachohesabika: watu kumi kwa mwezi waombe kuonyeshwa mfumo wetu, wasambazaji watano wapya wapige simu, mafundi wenye ujuzi tunaoutaka watume maombi ya kazi.

Chagua moja. Mteja, mwajiriwa mtarajiwa na mwekezaji hawasomi kwa macho yale yale. Mwekezaji anatafuta dalili za ukuaji na kwamba unalielewa soko. Mteja wa mara ya kwanza anataka kujua kama kitu chako kitamwangusha. Ukiwaandikia wote katika chapisho moja, kila mmoja ataona halimhusu.

Hatua ya 2: Kusanya maswali arobaini

Hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Fungua jedwali lenye safu tatu. Ya kwanza ni swali, kwa maneno yale yale ya aliyeuliza. Ya pili ni hatua aliyokuwapo: hajui kama ana tatizo, anatafuta suluhisho, anasita, au ameshanunua. Ya tatu ni jibu ulilompa siku ile, hata kama lilikuwa fupi.

Maneno ya mteja yana thamani kuliko ya kwako. Yeye haulizi kuhusu "uimara wa bidhaa". Anauliza "kitadumu?" Haulizi "mchakato wa uhamishaji wa data". Anauliza "rekodi zangu za zamani zitapotea?" Ukilijibu swali kama lilivyotoka mdomoni mwake, mwenye swali kama hilo atajitambua mara moja anapopita kwenye skrini.

Ukiishiwa kabla ya arobaini, nenda kwa wale wanaopokea simu na kuhudumia wateja. Wana maswali ambayo hayakufikii wewe mwenye kampuni. Pitia malalamiko, kwa kuwa kila lalamiko ni swali ambalo halikujibiwa mapema. Wakumbuke pia waliokataa kununua, na sababu walizotoa. Soma maoni ya watu chini ya machapisho ya washindani wako uone wanachouliza bila kujibiwa.

Kisha weka alama kwenye maswali yanayokukosesha raha: kwa nini ni ghali, kwa nini nisichukue kwa mshindani wako, mkifunga kampuni mimi nitabaki na nani. Hayo ndiyo yajibu kwanza. Mteja anayaulizia kimya kimya hata asipokutamkia, na ni waanzilishi wachache wanaothubutu kuyagusa hadharani.

Onyo: usiweke hadharani picha ya mazungumzo ya mteja, jina lake au namba yake bila idhini ya maandishi. Kufuta jina peke yake hakutoshi kama maelezo mengine yanamtambulisha.

Hatua ya 3: Yagawe kwenye mafungu

Mafungu manne yanatosha. La kwanza ni maarifa ya kazi: jinsi ya kuchagua, kutumia, kutunza, kuepuka hasara. La pili ni uamuzi wa ndani: kwa nini mliacha malighafi fulani, kwa nini mlipandisha bei, mnampimaje msambazaji kabla ya kumkubali. La tatu ni ushahidi, yaani kazi iliyokamilika na mteja aliyekubali kutajwa. La nne ni msimamo wako kuhusu namna kazi hii inavyopaswa kufanywa.

Katika kila machapisho kumi, mimi ningeweka matano ya maarifa, mawili ya uamuzi wa ndani, mawili ya ushahidi na moja la msimamo. Si sheria, ila ukiona fungu la msimamo limekuwa kubwa kuliko la maarifa, jua umeanza kuwahubiria watu ambao bado hawajapata sababu ya kukuamini.

Je, kuuza moja kwa moja? Uza, tena bila kona. Waanzilishi wengi ama huuza kila siku au huona haya kabisa, na mfuasi anakaa mwaka mzima bila kujua kampuni inauza nini. Kila baada ya machapisho manne hivi, sema waziwazi unachouza, kinamfaa nani, hakimfai nani, na hatua ya kukipata.

Hatua ya 4: Chagua mtandao mmoja mkuu na mmoja wa kusaidia

Usifungue mitano. Angalia mambo mawili: mteja wako yuko wapi akiwa na fikra za kazi unayomfanyia, na wewe unajieleza vizuri kwa njia gani, maandishi, sauti au picha.

Ukiuzia kampuni nyingine, LinkedIn ndiyo pa kuanzia kwa wengi. Chapisho lake linabeba hadi herufi 3,000, na mtu anapokutafuta kabla ya kikao mara nyingi huanzia hapo. Bidhaa inayoonekana kwa macho inafaa Instagram au TikTok. Kitu kinachohitaji maelezo marefu kinafaa YouTube, ambako watu hutafuta majibu kwa jina la tatizo, na video nzuri huendelea kuleta wageni muda mrefu baada ya kuwekwa. Hata video fupi za Shorts, tangu Oktoba 2024, zinaweza kufika dakika tatu. Facebook bado ina nguvu kwa biashara zinazotegemea vikundi vya watu wa eneo moja au hobi moja. X, yenye kikomo cha herufi 280 kwa akaunti ya kawaida, inawafaa walio kwenye teknolojia, habari na fedha, ambako mijadala huenda kwa kasi.

WhatsApp ninaiweka upande wa pili, kama mahali pa kumtunza aliyekwisha kukufahamu. Kumbuka kwamba kwenye orodha ya utangazaji (broadcast list) huwezi kuingiza zaidi ya watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mwombe mteja aihifadhi, na umweleze atapata nini kwa kufanya hivyo.

Sasa lile swali la akaunti. Anza na yako binafsi kama mwanzilishi, ukurasa wa kampuni uufanye kumbukumbu. Watu huzungumza na mtu kwa wepesi kuliko wanavyozungumza na nembo, na katika miaka ya mwanzo imani wanayoipa kampuni ni imani wanayokupa wewe. Ukurasa wa kampuni uwe na maelezo kamili, anwani, saa za kazi na machapisho machache ya ushahidi, ili mtu akienda kuthibitisha asikute pamekufa. Kitakachobadilisha mpangilio huu ni mpango wa kuiuza kampuni au kuikabidhi kwa mwingine karibuni. Hapo jenga jina la kampuni tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Safisha wasifu

Mtu akivutiwa na chapisho hufungua wasifu, na pale anaamua kubaki au kuondoka. LinkedIn inakupa herufi 220 chini ya jina, Instagram 150, TikTok 80. Nafasi hiyo ndogo wengi huijaza vyeo: "Mwanzilishi, Mkurugenzi Mtendaji, mjasiriamali, mpenda mabadiliko." Mgeni hapati kitu.

Andika unamsaidia nani na kwa nini akufuate. Mfano: "Ninaeleza jinsi ya kuchagua samani za ofisi zinazodumu. Mwanzilishi wa karakana ya viti na meza kwa ofisi zenye watu 10 hadi 100." Weka picha ya uso wako yenye mwanga, kiungo kimoja tu kinachompeleka mtu kwenye hatua unayotaka, na juu kabisa bandika chapisho moja linaloonyesha kazi yako vizuri. Kifungue kiungo hicho kwa simu ya mtu mwingine uone kama kinafika.

Hatua ya 6: Andika chapisho la kwanza

Tuendelee na huyo mwenye karakana ya samani. Kwenye jedwali lake swali linalojirudia ni "mbona viti vyenu bei juu kuliko vingine vinavyofanana?" Kwa mazoea angeposti hivi:

"Tunajivunia kukuletea samani bora na za kisasa! Ubora ndiyo kauli mbiu yetu. Wasiliana nasi leo."

Hapo hakuna hata sentensi moja ambayo mshindani wake asingeweza kuinakili bila kubadilisha herufi. Sasa alijibu swali lenyewe:

"Kiti cha ofisi huanza kufa kwenye sponji.

Ukienda kununua, kikalie dakika kumi huku ukiendelea na maongezi. Inuka, utazame kikalio. Sponji nzuri hurudi yenyewe upesi. Dhaifu hubaki na bonde, na bonde hilo litazidi hadi uanze kuhisi ubao.

Kisha kigeuze juu chini, utafute maelezo ya uzito kinachobeba. Usipoyaona, muulize muuzaji. Asipojua, usinunue, hata kama muuzaji huyo ni sisi.

Nimeandika orodha ya mambo ya kukagua kabla ya kununua viti vya ofisi. Ukiihitaji, nitumie neno KITI kwenye inboksi."

Tazama kilichofanyika. Mstari wa kwanza unajitegemea, na hilo ni la lazima kwa sababu mitandao mingi hukata maandishi marefu na kumtaka msomaji abonyeze ili aone mengine. Katikati kuna jaribio ambalo mtu anaweza kulifanya leo bila kununua chochote. Bei haikutajwa, ila aliyesoma ameshaelewa kwa nini kiti kimoja kinazidi kingine. Mwishoni kuna ombi moja tu, jepesi, linaloanzisha mazungumzo.

Ukiona kuandika ni kugumu, jirekodi. Chukua swali moja, bonyeza rekodi, lijibu kama unayezungumza na mteja kwenye simu, dakika tano. Geuza sauti kuwa maandishi, ondoa marudio, utakuta chapisho limo ndani. Njia hii pia ndiyo bora kama una msaidizi wa kukuandikia: mpe sauti yako, usimpe kichwa cha habari tu umwache abuni. Programu za akili bandia nazo zinafaa kwa kunakili rekodi, kufupisha na kusahihisha. Usizikabidhi kazi ya kuamua unachoamini au kutunga mambo uliyopitia, kwa sababu mteja wa kweli atakuuliza kuyahusu ana kwa ana.

Kwa video: wima, uwiano wa 9:16, pikseli 1080 kwa 1920. Sema jambo lenyewe katika sekunde za mwanzo, salamu na utambulisho vije baadaye au visije kabisa. Weka maandishi ya unachosema juu ya skrini, kwani wengi hutazama wakiwa wamezima sauti.

Onyo la muziki: akaunti za biashara kwenye Instagram na TikTok haziruhusiwi kutumia kila wimbo unaovuma. Tumia maktaba ya muziki iliyoidhinishwa kibiashara ndani ya programu husika, vinginevyo video inaweza kunyamazishwa au kuondolewa, na mwenye haki anaweza kukudai.

Hatua ya 7: Panga wiki, si mwaka

Machapisho mawili au matatu kwa wiki yanamtosha mwanzilishi. Muhimu ni kiwango ambacho unaweza kukishika hata wiki mbaya. Tenga kipindi kimoja cha kuandika na kurekodi yote ya wiki, halafu yaratibu yajiposti. Meta Business Suite, programu ya wamiliki wa Facebook na Instagram, inaratibu ya mitandao hiyo miwili bila malipo, na LinkedIn ina kitufe cha kuratibu ndani yake.

Swali moja likijibiwa vizuri lina zaidi ya chapisho moja ndani yake. Jibu refu la LinkedIn linaweza kukatwa kuwa video ya dakika moja, picha za kupitisha kwa kidole, na aya ya barua pepe kwa wateja wa zamani. Yapishanishe kwa wiki kadhaa. Usiogope kurudia mada; sehemu kubwa ya wafuasi hawakuliona la kwanza.

Acha nafasi moja wazi kwa jambo la ghafla.

Hatua ya 8: Jibu watu

Baada ya kuposti, rudi ndani ya saa chache ujibu kila swali la maana. Usijibu kwa "asante" pekee. Ongeza kitu, au uliza: "Ofisi yenu ina watu wangapi?" Swali jipya likitokea kwenye maoni, lipeleke kwenye jedwali lako la Hatua ya 2, nalo linakuwa chapisho la wiki ijayo.

Kila siku tenga robo saa ya kutoa maoni yenye uzito kwenye machapisho ya watu wengine katika fani yako. Akaunti changa hupata wafuasi wake wa mwanzo wenye maana kwa njia hii kuliko kwa hashitegi.

Onyo: usinunue wafuasi wala usijiunge na makundi ya kupeana "like". Hesabu itapanda, lakini mtandao utakuwa ukiwaonyesha machapisho yako watu wasiojali, na takwimu zako zitakuongopea kila unapozisoma.

Hatua ya 9: Pima mara moja kwa mwezi

Kuangalia takwimu kila saa kunachosha na hakufundishi kitu. Mwisho wa mwezi andika kwa kila chapisho: fungu lake, waliofikiwa, waliohifadhi, waliolituma kwa wengine, waliofungua wasifu, na waliouliza kuhusu kununua. Instagram inaonyesha takwimu hizi ukigeuza akaunti kuwa ya kitaalamu, na kugeuza ni bure.

Idadi ya "like" peke yake haitoshi. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, amesema hadharani kwamba vigezo vinavyopewa uzito mkubwa ni pamoja na muda ambao mtu anatazama na mara ambazo chapisho linatumwa kwa wengine. Kwa mwanzilishi, kutumwa kuna maana ya ziada: fundi anamtumia bosi wake, bosi anamtumia mhasibu. Hapo ndipo uamuzi wa kununua unapofanyikia, na wewe huwaoni.

Kwa sababu hiyo kila mteja mpya muulize swali moja, kwenye fomu au kwenye simu: "Ulitufahamu kupitia nini?" Jibu lake litakuambia mambo ambayo takwimu za mtandao haziyaoni.

Chapisho likivuma kupita kiasi, liweke pembeni unapokokotoa wastani. Linganisha mwezi huu na mwezi wako uliopita, si na akaunti ya mtu aliyeanza miaka kumi kabla yako. Baada ya miezi mitatu, fungu lisiloleta mazungumzo wala wateja lipunguze, lile linaloleta liongeze.

Mambo yakikwama

Naposti, hakuna anayetoa maoni. Mwaka 2006 mtaalamu wa matumizi ya tovuti Jakob Nielsen aliandika kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni asilimia 90 hutazama kimya, 9 huchangia mara moja moja, na 1 ndiyo huchangia sehemu kubwa. Angalia waliohifadhi na waliofungua wasifu kabla ya kukata tamaa. Kama navyo ni sifuri kwa wiki sita, tatizo liko kwenye mistari ya mwanzo au kwenye uchaguzi wa maswali. Rudi Hatua ya 2.

Wafuasi wanaongezeka, mauzo yamelala. Soma machapisho yako ishirini ya mwisho uone ni mangapi yanasema unauza nini. Kisha angalia wafuasi wenyewe ni akina nani. Mara nyingi utakuta unawafurahisha wenzako wa fani badala ya wanunuzi, kwa sababu umekuwa ukijibu maswali ya wataalamu.

Ufikiaji, yaani idadi ya wanaoona machapisho yako, umeshuka ghafla. Kwanza fungua sehemu ya hali ya akaunti kwenye mipangilio ya Instagram, au sehemu kama hiyo kwenye mtandao unaotumia, uone kama kuna chapisho lililowekewa zuio. Kama hakuna, linganisha aina kwa aina: video zimeshuka na picha zimebaki palepale? Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, usipindue mkakati mzima kwa wiki mbili mbaya.

Nilipie tangazo? Lipia chapisho ambalo limeshafanya vizuri lenyewe, na lipeleke kwa watu wanaofanana na wateja wako. Pesa haitaliokoa chapisho ambalo hata wafuasi wako walilipita.

Siwezi kukaa mbele ya kamera. Basi usikae. Rekodi mikono ikifanya kazi, au skrini, au bidhaa, na sauti yako juu yake. Au andika tu. Kamera ni njia mojawapo, na wapo waanzilishi waliojenga wateja kwa maandishi matupu.

Nimeishiwa. Je, wiki hii umezungumza na mteja? Kama hapana, hapo ndipo penye ukame. Piga simu mbili, uulize walichohangaika nacho mwezi huu, kisha rudi kwenye jedwali.

Mteja amelalamika hadharani. Jibu ndani ya siku hiyo hiyo, kwa utulivu, ukitaja tatizo lenyewe bila kubishana. Kiri kilichotokea kama kilitokea, sema utafanya nini na lini, kisha hamishieni maelezo binafsi kwenye inboksi. Usifute maoni yake isipokuwa yana matusi au taarifa za siri za mtu. Likishatatuliwa, rudi pale pale uandike limeishaje, ili anayesoma mwezi ujao asiishie kwenye lalamiko.